Sura ya Saba: Tangi Lisilo na Filta

Kufikia saa mbili asubuhi ya Ijumaa, Verlon Stukey alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu vya kahawa ya kituo, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti mabovu, na kesi iliyomkalia shingoni siku ya sita sasa. Saa kumi jioni mwendesha mashtaka wa kaunti angemfungulia Orrin Haskett shitaka la kumuua Rance Dillow, na karatasi zote zilizomtia Orrin hatiani zilikuwa na sahihi ya Stukey mwenyewe.

Karatasi zenyewe hazikuwa na kasoro. Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, gari la Rance lilikata nusu ya kwanza ya kiwanja cha Pickett Run, ambako magari hushindana mawili mawili, sawasawa, kisha oili ikamwagika mbele ya matairi yake ya nyuma, likapinda, likaenda kujibamiza ukutani. Rance alifia palepale, kijana wa miaka thelathini na moja. Oili ilitoka kwenye mpira wa kupitishia hewa uliochomoka katika tangi moja dogo mbele ya injini. Orrin, fundi aliyeiunda injini hiyo, alionekana adhuhuri ileile akiwa na bisibisi kwenye kibano cha mpira huo. Siku moja kabla, Rance alikuwa amemfokea mbele ya watu kwamba pampu yake inachafua gari zima, na kwamba injini inayofuata atampelekea fundi mwingine. Na kulikuwa na picha iliyopigwa kwa simu jukwaani: Orrin ameinamia mabaki kabla gari la wagonjwa halijafika, mkono wake unaingiza kitu mfukoni.

Stukey alimkuta Orrin mahabusu, amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu ameviweka sambamba kama mtu anayesubiri kuitwa. Mzee wa miaka sitini na sita, vidole vimeingia weusi wa oili usiotoka tena kwa sabuni yoyote.

"Ulitia nini mfukoni, Orrin?"

"Kitambaa."

"Juzi ulisema ufunguo."

"Basi ufunguo."

"Saa kumi leo wanakuandikia kuua."

"Nimesikia."

"Ulikilegeza kile kibano?"

Hapo ndipo fundi alipoinua uso. "Nilikikaza. Hilo nitakuapia popote unapotaka. Mengine usiniulize."

"Ulikikaza, halafu mpira ukatoka. Una miaka arobaini kwenye injini. Niambie basi unatokaje."

"Mpelelezi ni wewe."

"Mimi nimechoka, mzee."

"Umri wetu huu nani hajachoka?" Orrin akajisugua magoti. "Wilda anakula?"

Wilda Dillow, mama yake Rance, ndiye aliyefika kituoni siku mbili baada ya ajali akaandika maelezo ya kurasa nne dhidi ya mtu huyu. Mazishini alimtemea mate mbele ya mchungaji. Na mtemewa mate anauliza kama anakula.

"Sijui," Stukey akasema.

"Mwulize."

Mabaki ya gari yalikuwa yamehifadhiwa katika banda la kaunti, nyuma ya magari ya kusukuma theluji. Arvella Munk, mkaguzi wa magari wa Pickett Run, alikuwa amefika kabla yake na tochi mkononi. Mwanamke mnene, asiye na subira, ambaye Stukey alipaswa kumwita siku ya kwanza na hakumwita, kwa kuwa mpira uliochomoka ulionekana jambo la wazi hata kwa mtoto.

"Nielezee kama vile sijui kitu," Stukey akasema.

"Kwani unajua?" Arvella akapiga magoti kwa urahisi uliomtia Stukey wivu. "Sikiliza. Injini ya mbio ikifanya kazi, hewa ya moto inapenya mpaka tumboni mwa injini. Inaipunguzia nguvu. Kwa hiyo wanafunga hii pampu hapa mbele, inainyonya hiyo hewa na kuitupa nje. Tabu yake hainyonyi hewa tupu. Inanyonya na oili inayorukaruka humo ndani. Ukiiachia hivyohivyo inapaka gari, inapaka barabara, inampaka na anayekuja nyuma. Ndiyo maana wameweka tangi. Hewa na oili zinaingia ubavuni kwa mpira, oili inabaki chini, hewa inatokea juu kwenye shingo kupitia filta."

"Na ya Rance ilikuwa inachafua."

"Ilikuwa inatema. Filta ikishalowa haizuii tena kitu. Ijumaa ile niliwaambia mbele ya kila mtu, nikikuta tone lingine chini mnapakia gari mnakwenda zenu." Akashusha tochi. "Nilikuwa na haki ya kusema hivyo. Ila nalala vibaya tangu siku hiyo."

Alimulika mpira. Kibano kilikuwa bado kimeuzunguka, na Stukey alipojaribu skrubu yake kwa bisibisi ikagoma kabisa. Ncha ya mpira ilikuwa imechanika upande wa ndani.

"Kimekazwa," Stukey akasema taratibu.

"Kimekazwa sana. Mpira wa kibano kilicholegea unateleza unatoka mzima. Huu umeng'olewa kwa nguvu. Kitu kimeusukuma kutoka ndani."

"Kitu gani?"

"Hewa iliyokosa pa kutokea. Pampu haijui kama umeziba mlango, yenyewe inasukuma tu. Injini ikiwa inanguruma palepale mpira unavumilia. Mguu ukishaingia mpaka chini, kilicho dhaifu kinaachia. Na oili yote ya tangi inafuata."

Akahamisha tochi juu ya tangi. Shingo ilikuwa tupu, imeganda uchafu mweusi wa oili na vumbi, isipokuwa mkanda mmoja msafi ulioizunguka, mpana kama vidole viwili.

"Filta inashikwa na kibano chembamba," Arvella akasema. "Alama yake hii hapa, ya zamani, umeiona? Huu mkanda mpana ni wa juzijuzi."

"Filta yenyewe iko wapi? Mimi niliandika kwamba iliruka kwenye ajali."

"Uliiona ikiruka?"

Stukey akaikwangua shingo ya tangi kwa ukucha.

"Baada ya ajali tunaitembea barabara nzima, watu arobaini, bega kwa bega, mpaka mwisho. Tuliokota mpaka washa ya bolti, ndogo kama kifungo cha shati. Kila kitu kimo kwenye yale mabeseni pale. Nimeyapekua leo mara mbili." Akazima tochi. "Ile filta haikuwamo garini, Verlon. Mtu aliitoa, akaziba shingo, na gari likaenda kukimbia hivyo."

Kwa hiyo sasa kesi ilikuwa mbaya zaidi kuliko alipoamka. Kusahau kukaza kibano ni uzembe. Kuziba tangi ni jambo la kufanya kwa mkono na kwa kukusudia, na mtu aliyekimbilia mabaki akatia kitu mfukoni alikuwa palepale mahabusu. Lakini Orrin angeziba kwa nini injini aliyoiunda mwenyewe? Stukey akafikiria ni nani aliyefaidika, akapata jina moja tu.

Garvin Tolle ndiye aliyekuwa akutane na Rance katika raundi ya mwisho. Hema lake la kutengenezea gari pale kiwanjani lilikuwa limepakana na la akina Dillow. Stukey alimkuta gerejini kwake saa sita, anakula mkate wa nyama kwenye boneti ya gari la mteja.

"Kombe ulipewa wewe," Stukey akasema, bila hata kusalimu.

"Nilikataa kukimbia, wakanipa hivyohivyo. Limekaa nyuma ya friji. Unalitaka?"

"Ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye injini ya Rance siku nzima."

"Na yeye hatua kumi kutoka kwenye yangu. Alikuwa ananiazima spana, nami namwazima jeki. Ukitaka kuniganda mimi, afande, niambie nimalize kula kwanza."

"Wewe ndiye uliyesema Orrin alikuwa analegeza kibano."

Tolle akaacha kutafuna. "Sikusema analegeza. Nilisema ana bisibisi. Kulegeza mliandika nyinyi."

Stukey alitoa daftari lake, akafungua ukurasa. Alisimama akiusoma kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Mwandiko ulikuwa wake, na Tolle alikuwa anasema kweli.

"Haya," akasema. "Yawezekana nilikosea. Niambie basi ulichokiona. Baada ya lile onyo walifanya nini?"

"Walihangaika, maskini. Kila wakirudi kutoka kukimbia, boneti inatolewa, Orrin anamwaga oili ya tangi, anakagua vibano vyote. Ndiyo hiyo bisibisi. Bi Wilda anafuta. Yule mama aliona aibu kuambiwa gari la mwanawe chafu mbele ya watu, alifuta mpaka sakafu ya hema."

"Na filta?"

"Si anaichomoa mama mwenyewe? Miaka yote. Anaiosha kwa mafuta ya taa, anaikung'uta, anairudisha. Ikiwa kavu inashika oili tena vizuri."

"Wakati inaoshwa, shingo inabaki wazi?"

"Hapana, itamdondoshea palepale alipokwisha kufuta. Anaivisha kofia ya mpira, zile za kuzibia mabomba ya maji taka, zenye kibano. Alikuwa anatuchekesha nayo, anasema gari limevaa..."

Hakumaliza. Alitazama mkate wake, akausukuma mbali kwenye boneti.

"Kofia yenyewe ina kibano kipana?" Stukey akauliza.

"Afande, mimi sijasema kitu."

"Raundi ile ya mwisho walijiandaaje?"

"Waliitwa mapema," Tolle akasema kwa sauti ya chini. "Jozi iliyokuwa mbele yao ilijitoa. Orrin na Rance wakafunga boneti mbiombio, wakalisukuma gari wakaondoka."

"Mama alikuwa wapi?"

"Bombani. Alikwenda kubadilisha maji ya ndoo."

Kutoka gerejini mpaka kwa Wilda Dillow ni mwendo wa dakika ishirini katikati ya mashamba ya mahindi. Stukey aliendesha kwa dakika arobaini. Mara mbili alisimama pembeni. Angeweza kugeuza. Orrin mwenyewe alikuwa ameamua, na Orrin hakuwa mtoto. Lakini kulikuwa na uongo uliotiwa sahihi na Stukey, na mtu wa miaka sitini na sita aliyepangiwa kuzeekea jela kwa uongo huo.

Wilda alimfungulia mlango wa jikoni. Mezani palikuwa na bakuli sita za chakula cha msibani, zimefunikwa foili, hakuna hata moja iliyoguswa.

"Umekuja kuniambia ni saa kumi ileile?" akauliza. "Nimeshapiga pasi gauni. Nataka nikae mbele anione."

"Bi Wilda, kaa kidogo. Nataka unieleze ulivyokuwa unafuta gari."

"Kufuta? Kufuta kunamhusu nini Orrin?"

"Hatua kwa hatua. Siku yoyote tu."

Akamtazama kama mtu aliyepungukiwa, lakini akaeleza, na kadiri alivyoeleza sauti yake ililainika, maana hizo zilikuwa saa zake nzuri na mwanawe. Kwanza filta, anaitoa. Kofia, anaivisha, anakaza. Kisha mfuniko wa injini, pampu, fremu, halafu chini. Anaosha filta, anaikung'uta mara ishirini. Anavua kofia, anarudisha filta, anapiga bodi la gari mara mbili kwa kiganja. Rance akisikia makofi mawili anajua mama kamaliza.

"Jumamosi mliitwa mapema," Stukey akasema.

"Nilikuwa bombani. Niliporudi wameshaondoka."

"Filta ulikuwa umesharudisha?"

"Nimerudisha."

"Unakumbuka ukiirudisha siku ile?"

"Miaka kumi na mitano narudisha, Verlon."

"Siku ile, Bi Wilda. Unakumbuka ukipiga bodi?"

Stukey akaona macho ya Wilda yakitafuta, yakirudi nyuma, yakitafuta tena. Alijichukia kwa kukaa pale akimtazama.

"Ndoo yangu imo kwenye trela," Wilda akasema. "Hakuna aliyelifungua trela tangu siku ile. Sikutaka."

"Naweza kwenda mimi."

"Ni ndoo yangu."

Trela lilikuwa limeegeshwa kando ya ghala. Wilda alifungua kufuli mwenyewe, akapanda mwenyewe. Stukey alibaki chini, mkono kwenye ukingo wa mlango. Alisikia ndoo ikivutwa sakafuni.

Alipopanda alimkuta amekaa juu ya tairi la akiba. Mapajani mwake palikuwa na taulo dogo la bluu, na ndani ya taulo filta, safi, kavu, imekunjiwa vizuri kama anavyokunja mtu asiye na haraka.

"Niliikausha," akasema. "Tazama. Niliikausha vizuri kabisa."

Stukey alikaa sakafuni, magoti yakamlalamikia, akabaki hapo.

"Kwa hiyo kofia ilikuwa juu," Wilda akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hamkuikuta?"

"Aliiona Orrin. Alifika wa kwanza, akaivua, akaitia mfukoni."

Wilda hakulia wakati ule. Aliikunja filta upya ndani ya taulo, akaikunjua, akaikunja. "Nilimtemea mate," akasema. "Kanisani, mbele ya watu wote. Hata hakujifuta."

"Bi Wilda, si lazima leo. Mimi nitaongea na mwendesha mashtaka, nitamwambia kibano kilikazwa, hiyo inatosha kumtoa. Nitaandika ajali."

"Saa ngapi sasa?"

"Nane na nusu."

"Nipeleke."

Walimleta Orrin katika chumba cha mahojiano saa tisa na robo. Aliingia akaliona taulo la bluu mezani kabla hajamwona Wilda, akashika mgongo wa kiti.

"Nilikwambia usiniulize," akamwambia Stukey. "Nilikwambia."

"Kofia iko wapi?" Stukey akauliza.

"Nimeichoma. Kwenye jiko la karakana, jioni ileile."

"Kaa chini, Orrin," Wilda akasema.

Akakaa. Wakatazamana, watu wawili waliokula meza moja kila Jumapili kwa miaka thelathini, na kijana mmoja katikati yao ambaye mmoja alimzaa na mwingine akamfundisha kushika spana.

"Ungeniacha nikuchukie mpaka lini?" Wilda akauliza.

"Mpaka mwisho."

"Ukiwa jela."

"Nilikuona mazishini, Wilda. Hasira ilikuwa imekusimamisha wima. Nikasema, kama ndiyo inayomwamsha asubuhi, basi aendelee nayo. Ungejua hili usingeamka tena. Nakujua."

"Haikuwa haki yako kuamua."

"Haikuwa. Na boneti niliifunga mimi. Nimemwaga lile tangi mara elfu, nimelitazama mara elfu, siku ile nikaifunga bila kutazama kwa sababu tumeitwa. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nakubebea mzigo wako tu. Na mimi nina wangu."

Hapo ndipo Wilda alipolia, mkono juu ya taulo, bila kuficha uso. Orrin alinyoosha mkono akaurudisha, hakujua kama anaruhusiwa. Wilda akauvuta mkono ule mwenyewe.

Stukey alitoka nje akapiga simu. Mwendesha mashtaka alitaka kujua ni nani basi, kama si Haskett. Stukey akamwambia hakuna, hakuna kesi hapa, ni watu waliokuwa na haraka siku ya Jumamosi, na kama anataka kumshitaki mtu atafute mpelelezi mwingine wa kuandika. Upande wa pili ulinung'unika, ukasema leta karatasi.

Alirudi na fomu. Alikaa, akafungua kalamu. Maelezo yake yalikuwa yameshakuwa tayari kichwani tangu kwenye trela, mafupi: ajali ya mitambo, tangi lililozibika, hakuna wa kulaumiwa. Alianza kuandika.

"Soma," Wilda akasema.

Akasoma.

"Lilizibika lenyewe?"

"Bi Wilda, haihitajiki zaidi ya hapo. Hakuna atakayekushitaki."

"Sikuuliza nani atanishitaki. Mtaani wanasema Orrin Haskett aliua mtoto. Wanasema kwa sababu mimi nilikwenda mlango kwa mlango nikawaambia. Ukiandika tangi lilizibika lenyewe, wataendelea kusema mpaka azikwe. Andika jina langu."

"Andika na boneti," Orrin akasema. "Andika niliifunga bila kutazama."

"Hiyo baadaye. Kwanza langu."

Stukey aliwatazama wote wawili. Katika miaka thelathini na moja ya kazi, watu waliokaa kwenye viti vile walimwomba maji, sigara, wakili, huruma, na zaidi ya yote walimwomba afute majina yao. Alikuwa amechoka sana, na hakuwa na nguvu ya kuwabishia.

Akachana fomu, akachukua nyingine. Kwenye nafasi ya kwanza akaandika Wilda Dillow, mama wa marehemu, chini yake habari ya kofia na filta, halafu akageuza karatasi upande wake ili aisome. Wilda aliisoma mpaka mwisho kidole kikifuata mstari, akaomba kalamu, akatia sahihi, kisha akamsogezea Orrin karatasi na kalamu aongeze ya boneti.